Mbawakawa wa Wamisri Aliyetoka Sennar: Historia ya Jina Moja

Katika orodha za kisayansi za wadudu wa Afrika yumo mbawakawa aitwaye Kheper aegyptiorum. Ni miongoni mwa wale wanaokata bonge la mavi ya wanyama, wakalifinyanga likawa tufe, kisha wakaliviringisha kinyumenyume kwa miguu ya nyuma, kichwa kikiwa chini. Neno la pili la jina lake ni la Kilatini, na maana yake ni "wa Wamisri". Hata hivyo, mbawakawa huyu hakutambuliwa Misri. Alitoka Sennar, kando ya Nile ya Buluu, katika nchi ambayo leo ni Sudan, na makazi yake ni savana za kusini mwa Sahara, zikiwamo za Kenya na Tanzania. Aliyempa jina hilo alikuwa Mfaransa aliyefanya kazi Paris. Aliyemleta kutoka Sennar alikuwa Mfaransa mwingine aliyefuatana na jeshi. Na jeshi hilo lilikuwa limetumwa na mtawala wa Misri kwenda kuiteka Sennar yenyewe.

Msomaji anaweza kuuliza: mhadhiri wa mambo ya jamii ana shughuli gani na wadudu wa mavi? Jibu langu ni kwamba kutambua spishi na kuieleza ni kitendo cha kisayansi, lakini pia ni kitendo cha utawala. Ni kuandikisha kiumbe katika daftari la dunia. Anayeliandika daftari ndiye anayeamua kiumbe ataitwa nani, atahesabiwa kuwa wa wapi, na kielelezo chake kitahifadhiwa katika mji gani. Tumezoea kujadili mipaka ya nchi iliyochorwa na wageni, lakini ni mara chache tunajadili majina ya viumbe yaliyoandikwa kwa kalamu hizohizo.

Spishi huelezwaje?

Kwanza tuielewe kazi yenyewe, kwa maana wengi hudhani kwamba "kugundua" mdudu ni kumwona kabla ya watu wengine. Sivyo. Mbawakawa anaweza kuwa anajulikana na wachungaji kwa miaka elfu, na bado kwa sayansi akawa hayupo. Huanza kuwapo siku maelezo yake yanapochapishwa: jina la maneno mawili, la kwanza likiwa la jenasi na la pili la spishi, maelezo ya sifa zinazomtofautisha na jamaa zake, na, kwa kanuni za leo, kutajwa kwa kielelezo cha msingi, yaani mdudu mmoja halisi aliyehifadhiwa mahali panapojulikana, ambaye jina hilo limefungwa kwake daima. Ukitokea ubishi miaka mia baadaye, watu watarudi kwa mdudu huyo.

Kwa mbawakawa wa mavi kazi hii ni ngumu kuliko inavyoonekana. Duniani zimeelezwa spishi zaidi ya 6,000 za kundi hili, na nyingi zinafanana kiasi kwamba jicho la kawaida haliwezi kuzitenganisha. Mtaalamu huhesabu meno yaliyo kwenye ukingo wa kichwa, ambayo mdudu huyatumia kama koleo. Hutazama miguu ya mbele iliyopanuka kwa ajili ya kuchimba, vitundu vidogo vilivyo juu ya kifua, mistari ya mabawa magumu ya juu, na rangi inavyobadilika mwanga unapoipiga. Mara nyingi huishia kupasua tumbo la dume na kuchunguza umbo la kiungo chake cha uzazi, kwa kuwa humo ndimo tofauti za spishi hujificha. Usione vyaelea, vimeundwa: jina moja la Kilatini laweza kuwa limebeba miezi ya kazi ya aina hii.

Padri aliyeokolewa na mdudu

Aliyemweleza mbawakawa wa Sennar ni Pierre André Latreille, aliyezaliwa mwaka 1762, na ambaye alikuja kuhesabiwa kuwa mtaalamu mkuu wa wadudu wa zama zake. Maisha yake yanaonyesha kwamba kutambua spishi kunaweza kuwa jambo la kufa na kupona, wala si kwa mafumbo.

Latreille alikuwa padri. Mapinduzi ya Ufaransa yalipowataka mapadri waape kuitii katiba mpya ya kanisa, hakuapa, na mwaka 1793 akajikuta gerezani Bordeaux akingoja hukumu pamoja na wenzake. Siku moja daktari aliyekuwa akiwakagua wafungwa alimkuta amezama kumtazama mdudu mdogo sakafuni. Alipomuuliza, Latreille alimjibu kwamba mdudu huyo ni adimu sana. Daktari akamchukua, akampelekea kijana mpenda elimu ya viumbe, Bory de Saint-Vincent, aliyekuwa na umri wa miaka 15 tu. Kijana huyo alikwisha kulisikia jina la Latreille, akafanya jitihada hadi padri akaachiliwa. Wafungwa wenzake waliangamia muda mfupi baadaye. Mdudu mwenyewe, Necrobia ruficollis, alikuwa ameshapewa jina tangu 1775. Juu ya kaburi la Latreille huko Paris yameandikwa maneno ya Kilatini yanayomtaja mdudu huyo kuwa mwokozi wake.

Ninaisimulia habari hii kwa sababu moja. Latreille hakuwa mtu wa dola wala mpiga risasi wa kikoloni. Alikuwa mtu aliyeonja gereza, na aliyewapenda wadudu kwa moyo. Tukitaka kuelewa jinsi maarifa yanavyofungamana na mamlaka, tusitafute tu watu waovu. Tutazame pia njia ambayo kielelezo kilipitia mpaka kikafika mezani kwa mtu mwema.

Njia ya kwenda Sennar

Njia hiyo ilianzia kwa Frédéric Cailliaud, mzaliwa wa Nantes mwaka 1787, mjuzi wa mawe na madini. Alifika Misri mwaka 1815, akaingia katika utumishi wa Muhammad Ali Pasha, mtawala wa Misri kwa jina la dola la Uthmaniya. Mwaka 1816 aliyafikia tena machimbo ya kale ya zumaridi katika majangwa ya karibu na Bahari ya Shamu. Mtu anayejua mahali mali ilipo ardhini ni mtu wa thamani kwa kila mtawala.

Mwaka 1820 Muhammad Ali alituma jeshi la askari wapatao 4,000 kwenda kusini, chini ya mwanawe Ismail. Shabaha zake zilijulikana: dhahabu, na watu. Alitaka watumwa wa kuingizwa katika jeshi jipya alilokuwa akilijenga. Washaigiya walipigana na jeshi hilo na kushindwa. Usultani wa Funj wa Sennar, uliokuwa umedumu tangu mwanzoni mwa karne ya 16, ulikuwa umekwisha kudhoofika kwa ugomvi wa ndani, na mnamo Juni 1821 sultani wake wa mwisho, Badi, alisalimu amri bila vita. Cailliaud alikuwa katika msafara huo. Njiani, Aprili 1821, aliziona na kuzichora piramidi za Meroe. Kisha akaendelea na jeshi mpaka Sennar, na kutoka hapo mpaka Fazughli, karibu na milima ya Uhabeshi, dhahabu ikiendelea kutafutwa.

Katika safari hiyohiyo alikusanya mimea, kombe na wadudu. Ndimo alimopatikana mbawakawa mwenye rangi ya kijani inayong'aa kama iliyopakwa dhahabu. Cailliaud alirudi Ufaransa, na taarifa ya safari yake ikachapishwa Paris kwa juzuu kati ya 1823 na 1827. Wataalamu mbalimbali walieleza humo vitu alivyovileta, na wadudu walikuwa sehemu ya Latreille.

Kule nyuma mambo hayakwenda kwa utulivu. Mwaka 1822 Ismail alifika Shendi akamtaka Mek Nimr, mtawala wa Wajaali, kodi ya fedha na watumwa isiyobebeka, na akamtukana mbele ya watu. Usiku huo nyumba aliyolala Ismail ilichomwa moto, naye akafa ndani yake. Kisasi cha jeshi la Misri kilikuwa cha kutisha. Hivyo basi, katika miaka ileile ambayo mbawakawa wa Sennar alikuwa akisafiri kwenda Ulaya katika sanduku la vielelezo, vijiji vya nchi yake vilikuwa vikiteketezwa, na watu wake wakiswagwa kwenda Misri kuwa askari watumwa. Jina "wa Wamisri" liliandikwa katika mazingira hayo.

Hoja iliyojificha ndani ya jina

Kwa nini Latreille alichagua jina hilo? Hakuwa anawasifu Wamisri wa Muhammad Ali. Mawazo yake yalikuwa kwa Wamisri wa kale. Mwaka 1819 alikuwa amekwisha kuandika makala kuhusu wadudu waliochorwa na kuchongwa kwenye majengo ya kale ya Misri. Alijua, kama wasomi wenzake, kwamba Wamisri walimheshimu mbawakawa anayeviringisha tufe, wakimfananisha na mungu Khepri, anayelisukuma jua la asubuhi. Mwaka 1758 Linnaeus alikuwa amempa mbawakawa mweusi wa nchi za Mediterania jina Scarabaeus sacer, yaani "mtakatifu", na wengi waliona kwamba suala limekwisha.

Lakini kulikuwa na kitabu cha Kigiriki kinachohusishwa na Horapollo, cha mnamo karne ya 5, kinachoeleza maana za alama za Misri. Kitabu hicho kinataja aina tatu za mbawakawa, na ile ya jua kinaieleza kuwa yenye miale. Mbawakawa mweusi hana miale. Latreille alipomwona huyu wa Sennar, mwenye kijani cha kumetameta, aliunganisha mambo mawili: mng'ao wa rangi yake, na dhana iliyokuwa na nguvu wakati huo kwamba Wamisri walitokea nchi za juu za Nile kabla ya kushuka bondeni. Akahitimisha kwamba huyu ndiye mbawakawa wa kwanza aliyeheshimiwa na Wamisri, katika makao yao ya awali, na kwamba yule mweusi alishika nafasi yake baadaye. Jina, kwa hiyo, lilikuwa nadharia ya historia iliyofupishwa katika neno moja.

Wanafunzi wangu wanaposikia haya, baadhi yao hufurahi. Wanamkumbuka Cheikh Anta Diop na hoja zake za mwaka 1954 kuhusu asili ya Kiafrika ya ustaarabu wa Misri, nao husema: tazama, hata Mfaransa wa 1820 na kitu alikiri! Mimi huwatuliza. Hoja ya Diop inasimama au inaanguka kwa ushahidi wa lugha, wa akiolojia na wa maisha ya watu, si kwa rangi ya mdudu. Mwanaakiolojia Flinders Petrie, alipochunguza hirizi za Kimisri katika kitabu chake cha 1917, aliona kwamba wachongaji walifuata maumbo ya jenasi tano tofauti za mbawakawa. Hapakuwa na spishi moja tu iliyoheshimiwa, na kwa hiyo swali la ni yupi aliyekuwa wa kwanza huenda liliulizwa vibaya tangu mwanzo.

Kuna funzo la ziada katika kitabu cha Horapollo. Kinasema mbawakawa ana vidole 30, sawa na siku za mwezi. Hesabu hiyo ni ya busara kwa juu juu: miguu 6, kila mmoja ukiwa na vipingili 5 vya wayo. Lakini mtu akimshika mbawakawa wa kundi hili na kumtazama ataona kwamba miguu yake ya mbele haina nyayo kabisa. Huishia kwenye makali ya kuchimbia. Vipingili ni 20, si 30. Karne kwa karne wasomi walinakili hesabu iliyo nzuri bila kumwinamia mdudu. Kutambua spishi, kabla ya kuwa elimu ya majina, ni nidhamu ya kutazama kilicho mbele yako, hata pale kitabu chenye heshima kinaposema vingine.

Mchungaji na nafasi ya jina

Nidhamu hiyo haikuwa ya wasomi peke yao. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba tufe linaloviringishwa barabarani lina yai ndani yake. Jean-Henri Fabre, mwalimu wa kusini mwa Ufaransa, alisumbuka na swali hilo kwa miaka mingi, akifungua matufe na kukuta chakula kitupu. Jibu, alilolichapisha mwaka 1897, lilitoka kwa kijana mchungaji wa kondoo aliyekuwa amemwomba awe anawaangalia wadudu hao malishoni. Kijana alimletea kitu chenye umbo la pea, kilichofinyangwa vizuri kwa samadi na kutolewa chini ya ardhi. Yai lilikuwa humo, kwenye shingo ya pea. Fabre anajulikana dunia nzima. Mchungaji yule mimi namjua kwa kazi yake tu.

Jina la kisayansi, kwa muundo wake, lina nafasi ya mtu mmoja au wawili: baada ya maneno mawili ya Kilatini huandikwa jina la aliyechapisha maelezo, na mwaka. Kwa mbawakawa wetu huandikwa Latreille, ndani ya mabano, kwa kuwa jenasi aliyomweka imebadilika. Aliyeiunda jenasi mpya mwaka 1940 ni Janssens, Mbelgiji aliyewahi pia kuchapisha maelezo ya mbawakawa waliokusanywa katika Mbuga ya Albert huko Congo, ambayo leo ni Virunga. Neno alilolichagua, Kheper, ni la Kimisri cha kale, lenye maana ya kuwa au kutokea. Kwa hiyo jina zima la mdudu huyu wa savana zetu limeundwa na neno la Misri ya kale, na neno la Kilatini la Misri ya kale. Sennar haimo. Meroe haimo. Watu walioishi naye hawamo.

Je, majina yabadilishwe?

Swali hili limeacha kuwa la nadharia. Mnamo Julai 2024, wataalamu wa mimea waliokutana Madrid walipiga kura kubadili majina ya spishi zaidi ya 200 za mimea, kuvu na miani yenye neno "caffra" na maumbo yake. Neno hilo linatokana na Kiarabu, ni ndugu wa "kafiri" tunayoijua kwa Kiswahili, na huko kusini mwa Afrika wakoloni waliligeuza kuwa tusi la rangi. Sasa litaandikwa "affra", kwa maana ya Afrika. Kura zilikuwa 351 dhidi ya 205, na pendekezo lilitoka kwa wanazuoni wa chuo kikuu cha Afrika Kusini. Upande wa wanyama msimamo ni tofauti. Tume ya kimataifa inayosimamia majina ya wanyama ilitangaza mwaka 2023 kwamba haitafuta majina kwa sababu za kimaadili, kwa kuhofia kuvurugika kwa mawasiliano ya kisayansi. Ndiyo maana nyati wetu anaendelea kuitwa Syncerus caffer, na mbawakawa wanaoishi kwa mavi yake wanaendelea na majina yao pia. Kanuni zao zinasema wazi kwamba jina halikataliwi kwa kuwa halilingani na ukweli. "Wa Wamisri" atabaki kuwa wa Wamisri.

Mimi naunga mkono kura ya Madrid. Tusi ni tusi, hata likiandikwa kwa Kilatini. Lakini jina kama aegyptiorum si tusi. Ni kosa lenye historia, na kosa lenye historia lina manufaa yake kwa mwalimu. Likifutwa, nani atakumbuka kwamba mdudu huyu alipita njia moja na watumwa? Ningependa libaki, na lifundishwe pamoja na habari zake zote.

Hofu yangu ni nyingine. Nahofia kwamba wanaharakati wetu watatumia nguvu zao zote kwenye majina, na kuacha jambo lililo zito zaidi: uwezo wenyewe wa kutambua na kueleza.

Thamani ya kujua nani ni nani

Wapo watakaosema huu ni mjadala wa watu walioshiba. Nawaomba waitazame Australia. Wazungu walipeleka ng'ombe huko kuanzia 1788, lakini mbawakawa wa asili wa nchi hiyo walizoea mavi makavu ya wanyama kama kangaruu. Samadi ya ng'ombe ilibaki juu ya malisho, ikakausha nyasi na kuzalisha nzi bila kikomo. Katika mwongo wa 1960 mtafiti mhamiaji kutoka Hungaria, George Bornemissza, aliongoza mradi wa serikali wa kuleta mbawakawa kutoka nje, wengi wao kutoka Afrika. Kituo cha utafiti kilifunguliwa Pretoria, na kati ya 1968 na 1984 spishi 43 ziliachiwa huko Australia, takriban 23 zikajiimarisha. Malisho ya taifa tajiri yalisafishwa na vibarua wa Kiafrika wasiodai mshahara. Itifaki ya Nagoya, inayotaka nchi zenye viumbe zigawiwe faida, ilipitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika 2014. Kwa mbawakawa hao ilikuwa imechelewa.

Mmoja wa wadudu waliosafirishwa alijulikana kwa jina la gazella. Mwaka 2017 wataalamu wawili, François Génier na Philippe Moretto, walipopitia upya kundi lake zima walionyesha kwamba chini ya jina hilo zilikuwa zimefichwa spishi kadhaa za Afrika zinazofanana. Fikiri maana yake kwa afisa wa serikali: mdudu anatolewa bara moja kupelekwa jingine, mikataba inaandikwa, tafiti zinachapishwa, na jina lililo kwenye karatasi halitenganishi nani ni nani. Sheria ya viumbe hai inayotegemea jina lisilo na uhakika ni kama hati ya kiwanja kisichopimwa.

Nasi tunao utajiri huo mlangoni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1974, watafiti waliokuwa Tsavo walihesabu mbawakawa 16,000 waliolivamia fungu moja la mavi ya tembo la kilo moja na nusu, wakalimaliza kwa muda wa saa mbili. Kila mmoja wao alikuwa wa spishi fulani, na kila spishi ina namna yake ya kuzika, kina chake cha shimo, majira yake ya mvua. Hiyo ni huduma ya mbolea na usafi wa malisho ambayo hakuna halmashauri inayoilipia. Lakini anayetaka kuwa na hakika ya spishi anayoishika bado hulazimika, mara nyingi, kulinganisha na vielelezo vilivyohifadhiwa Paris, London, Berlin au Brussels.

Wapo waliotuonyesha njia. Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeanzisha kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu Nairobi mwaka 1970, anakumbukwa kwa taasisi hiyo. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya hapo alikuwa mweleza spishi. Katika orodha za kunguni wa mimea, baada ya majina kadhaa ya Kilatini, imeandikwa Odhiambo, na mwaka. Hakuandamana kuidai nafasi ile baada ya jina. Aliijaza. Na mwaka 2005 nyani wa Rungwe alipoelezwa kisayansi, jina la spishi lilikuwa kipunji, neno la Wanyakyusa waliomjua kabla ya watafiti wote, na miongoni mwa waandishi wa maelezo hayo walikuwamo Watanzania.

Kwa hiyo nawaachia wasomaji wa blogu hii mambo matatu. Watumishi wa umma: bajeti ya makumbusho na ya watunza vielelezo si anasa, ni sehemu ya mamlaka ya nchi juu ya mali yake. Wanafunzi: uainishaji ni kazi isiyo na makofi, lakini kila sheria ya mazingira husimama juu yake. Mnapokwenda nyikani, andikeni majina ya wachungaji na wawindaji wanaowaonyesha viumbe, na myachapishe. Wanaharakati: kanuni za majina ya wanyama zinataka herufi za Kilatini kwa jina, na zinapendekeza maelezo yaandikwe kwa lugha zinazotumika sana kimataifa, lakini hazibatilishi jina kwa sababu tu maelezo yake yameandikwa kwa Kiswahili. Mlango huo haujafungwa na mtu yeyote. Ni sisi ambao hatujauingia.

Mbawakawa wa Sennar ataendelea kuitwa wa Wamisri. Sina ugomvi naye. Ila yupo mwenzake, mahali fulani kati ya Mara na Ruaha, ambaye asubuhi ya leo ameviringisha tufe lake na bado hajaandikwa katika daftari lolote. Ningependa siku moja nisome maelezo yake, nihesabu meno ya kichwa chake katika maandishi ya Kiswahili, na baada ya jina lake nikute jina la mmoja wenu.